SOMO LA AFISI: KUWEKA BARUA PEPE ILI ZIFUNGUKE ZINAPOTAKIWA

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu siku hizi mnapokea barua kwa kompyuta au kwa simu. Mkaguzi wa kilimo hai huleta majibu ya shamba kwa njia hiyo. Mnunuzi wa mdalasini na pilipili manga huleta bei na siku ya kupakia. Benki nayo huleta khabari za fedha zilizoingia. Barua hizi ni hati kama hati nyingine. Lakini mwanachama akitakiwa barua ya miaka miwili nyuma, aghlabu huja afisini na picha ya kioo cha simu iliyokatika tarehe, au karatasi isiyo na viambatisho vyake, au faili ambalo kompyuta yakataa kulifungua.

Msimu uliopita mmoja wetu alidai malipo ya magunia 6 ya pilipili manga. Mnunuzi akasema bei waliyoafikiana ilikuwa ya chini kuliko ile iliyodaiwa. Mwanachama alikuwa nayo barua ya bei, ila alinakili maneno yake tu katika ukurasa wa Word, kisha akaifuta barua yenyewe ili kupata nafasi. Maneno yalikuwa sawasawa, lakini ukurasa ule hauonyeshi nani aliyeandika wala lini. Alipoulizwa kama hakuyaandika yeye mwenyewe, hakuwa na la kuonyesha. Akapokea bei ya chini, na ana watoto watatu skuli.

Basi yafaa kwanza kujua kilichomo ndani ya barua pepe. Mna maneno tunayoyasoma. Mna viambatisho, kama vile hati ya ukaguzi au ankara. Na mna bahasha. Bahasha hii haionekani yote kwenye kioo. Imeandikwa jina la mpelekaji na la mpokeaji, tarehe na saa, namba ya barua, na alama ya kila kituo iliyopitia, mfano wa mihuri ya posta. Atakaye barua yake imsaidie siku ya ubishi, ahifadhi vyote vitatu.

Namna ya kupanga maneno na bahasha iliwekwa wazi mwaka 1982, na mwaka 1992 ikaongezwa kanuni ya kuchukua picha, hati, na herufi zisizokuwa za Kiingereza. Kwa kuwa kanuni hizo si siri ya kampuni yo yote, barua iliyohifadhiwa kwa mpango huo hufunguliwa na programu nyingi. Faili lake hutambulikana kwa mkia wa jina: .eml. Huo ndio mkia tunaoupendelea hapa afisini.

Mwenye Gmail afungue barua katika kompyuta, kwa kivinjari cha intaneti, kwani programu ya Gmail ya simu haina njia hii. Juu ya barua, upande wa kulia, mna nukta tatu zilizosimama. Azibonyeze, na katika orodha itakayotokea achague palipoandikwa Download message. Faili la .eml litashuka, na viambatisho vyote vimo ndani yake. Kulifungua yataka programu ya barua. Thunderbird hutolewa bure na hufanya kazi hiyo vizuri.

Hapa ndipo watu wengi hushtuka. Kompyuta isipojua faili ni la programu gani, mtu hulifungua kwa programu ya maandishi matupu, akaona kurasa na kurasa za herufi zisizo na maana, akadhani barua imeharibika. Haikuharibika. Herufi zile ni kiambatisho, kilichogeuzwa kuwa herufi ili kiweze kusafiri ndani ya barua. Kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4, na ndiyo maana faili hunenepa. Lifunge bila ya kuandika kitu, kisha ulifungue kwa programu ya barua.

Ama Outlook ile ya zamani ya kwenye kompyuta, yenyewe huhifadhi barua kwa mkia wa .msg. Huu ni mpango wa Microsoft, nao huchukua bahasha na viambatisho pia, lakini kompyuta isiyo na Outlook mara nyingi hukwama mpaka itafutiwe programu nyingine. Wako wanaofuta .msg wakaandika .eml kwa mkono. Hilo halifai kitu. Kuandika KARAFUU juu ya gunia la makonyo hakuyafanyi makonyo kuwa karafuu.

Pamoja na .eml, twashauri mfanye nakala ya PDF. Bonyeza alama ya kuchapa, kisha badala ya kuchagua mashine ya kuchapa chagua kuhifadhi kwa PDF. Nakala hii hufunguka karibu kila mahali, hata kwenye simu, na ndiyo nzuri ya kumpelekea mtu asome. Lakini ni sura ya barua tu: bahasha nzima haimo, na viambatisho havimo. Kila kiambatisho kihifadhiwe peke yake, katika folda ile ile.

Jina la faili nalo lina adabu yake. Windows haikubali katika jina alama kama mkwaju, nukta mbili, nyota wala alama ya kuuliza. Mtu akinakili kichwa cha barua kinachoanza na Re: akakitia katika jina, atakataliwa kwa sababu ya zile nukta mbili. Andika tarehe kwanza, mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku, halafu mpelekaji na jambo lenyewe, mathalan: 2025-03-14 mkaguzi majibu ya shamba. Kwa mpango huo kompyuta yenyewe hupanga barua kwa tarehe. Kadhalika Windows kwa desturi huuficha mkia wa jina, hata mtu asijue ana .eml au kitu kingine. Katika dirisha la mafaili, kwenye sehemu ya kuangalia, iamrishe iuonyeshe.

Wenye jamaa au wanunuzi Oman na Dubai wazingatie jambo hili khasa. Ukiihifadhi barua ya Kiarabu kuwa maandishi matupu kwa mpango wa zamani uitwao ANSI, herufi huweza kugeuka safu ya alama za kuuliza, na zikishageuka katika faili hilo hazirudi tena. Chagua UTF-8. Afadhali zaidi, hifadhi .eml yenyewe.

Usiifute barua ya asili katika sanduku lake kwa kuwa umekwisha kuihifadhi. Faili la .eml ni maandishi, na mjanja aweza kuyabadili. Ya asili ikiwapo, huondoa shaka. Na sanduku lenyewe lifunguliwe mara kwa mara. Google ilitangaza mwaka 2023 kuwa akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka 2 yaweza kufutwa pamoja na barua zake, na kazi hiyo ya kufuta ilianza Desemba ya mwaka huo. Mwenye sanduku alilofunguliwa na mwanawe ambaye sasa yuko ng'ambo, aulize neno la siri mapema.

Ukimaliza, chukua flashi uende kwenye kompyuta nyingine, ufungue barua mbili tatu pamoja na viambatisho vyake. Kufunguka katika kompyuta ile ile uliyohifadhia si jaribio. Na ikiwa kompyuta ni ya duka la intaneti, futa mafaili yako kabla ya kuondoka, hata yaliyomo katika kapu la taka, kisha ujitoe katika akaunti. Barua za benki zina namba zako.

Wanachama ambao mashamba yao yanangojea ukaguzi wa kilimo hai waanze na barua za mkaguzi, za miaka mitatu iliyopita. Waje na simu zao, maneno yao ya siri na flashi tupu. Karani atawaonyesha hatua zote, lakini neno la siri kila mtu ataliandika kwa mkono wake mwenyewe.

Katibu