SOMO LA MWEZI: MAJI YA JIRANI



Mji wetu wa Tunduma unakua upesi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wasiofika laki moja. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya laki mbili. Basi tujiulize: mvua ikinyesha, maji ya nyumba hizi zote mpya huenda wapi? Hebu tutazame mji uliotutangulia katika kukua, yaani Dar es Salaam.

Mto Msimbazi hutoka upande wa vilima vya Pugu, hupita katikati ya mji, na kuingia baharini penye daraja la Selander. Watu walijenga bondeni mwake, kama pale Jangwani na Kigogo, kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu na Kariakoo yenye kazi iko karibu. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40. Serikali iliwapa waliopoteza makao viwanja huko Mabwepande, nje ya mji. Baadhi walihamia huko, wengine wakarudi bondeni, maana Mabwepande ni mbali na riziki.

Waliobaki walijifunza kuishi na maji. Waliinua misingi, walijenga vizingiti virefu milangoni, walipanga viroba vya mchanga, na kupandisha vyombo juu mvua ilipozidi. Hiyo ilikuwa busara. Lakini ukuta unaokinga nyumba moja husukuma maji kwenye nyumba ya pili. Tena mafuriko hayaanzi bondeni. Huanza juu, miti inapokatwa, taka zinapoziba mifereji, na saruji na mabati vinapofunika udongo uliokuwa ukinywa maji.

Hapo ndipo somo linapotugusa. Sisi tunakaa nyanda za juu. Tusijifananishe na watu wa Jangwani tu. Sisi pia ni watu wa Pugu, na maji tunayoyaachilia huteremka kwa wenzetu. Tukiwahurumia walio bondeni huku tukitupa taka mferejini, huruma yetu ni ya mdomo tu.

Maswali ya kuzungumza:

1. Mfereji unaopita mbele ya nyumba yako hupeleka maji kwa nani?

2. Ni nani mtaani kwetu amejenga kwenye njia ya maji, na kwa nini hakupata mahali pengine?

3. Tufanye kazi gani pamoja kabla ya mvua za Novemba?