MAWE YA WATU WA KALE, NYOTA ZA MBINGUNI NA MWEZI WETU MWANDAMO

BISMILLAHI RRAHMANI RRAHIM



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeumba mbingu na ardhi na akaweka jua na mwezi kwa hesabu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Kila mwaka Ramadhani inapokaribia, maswali ni yale yale hapa Kalemie. Mwezi umeonekana? Wapi? Nani ameuona? Huyu anafuata habari ya simu, yule anafuata redio ya ng'ambo, na mara nyingine watu wa nyumba moja wanafunga siku mbili tofauti. Tusingoje usiku ule ufike ndipo tuanze kuulizana. Leo tuanzie mbali sana, kwa watu walioishi kabla ya kuandikwa kitabu chochote tunachokijua, tuone walivyotazama mbingu. Kisha turudi kwetu.

1. MFUPA WA ISHANGO

Hatuna haja ya kuvuka bahari. Katika nchi yetu hii ya Kongo, huko Kivu ya Kaskazini, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, pana mahali paitwapo Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua pale mfupa mdogo wenye urefu wa sentimita 10 hivi. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000. Juu yake pamechanjwa alama 168 katika safu tatu: safu mbili zina alama 60 kila moja, na ya tatu ina 48. Mfupa huo leo umehifadhiwa Brussels.

Alama zile ni za nini? De Heinzelin aliona ni hesabu. Mmarekani Alexander Marshack aliona ni hesabu ya mwezi, kwa kuwa miezi miwili ya mwandamo ni siku 59, na 60 iko jirani. Wengine wanasema zilichanjwa tu ili mkono ushike vizuri. Jambo halijakatwa. Lakini zingatia hili, ndugu yangu: yawezekana kabisa kwamba mtu mmoja, kando ya ziwa kama sisi tulivyo kando ya ziwa, alikaa usiku baada ya usiku akihesabu mwezi.

2. MAWE YALIYOSIMAMISHWA

Kusini mwa Misri, katika jangwa, pana mahali paitwapo Nabta Playa. Wafugaji wa kale walipanga pale duara la mawe kiasi cha miaka 7,000 iliyopita. Wataalamu waliopima wanasema mawe mengine yanaelekea mahali jua linapochomoza katika siku ndefu kuliko zote za mwaka, karibu na majira ya mvua kufika jangwani. Kule Uingereza pana mawe makubwa ya Stonehenge, yaliyosimamishwa miaka 4,500 hivi iliyopita, nayo yamepangwa kwa machweo ya siku fupi na macheo ya siku ndefu. Kule Ireland pana kaburi la Newgrange, lenye miaka zaidi ya 5,000. Asubuhi za siku fupi kuliko zote za mwaka, miale ya jua hupenya katika njia yake mpaka chumba cha ndani.

Watu hawa hawakuwa na saa wala kalenda ya ukutani. Mfugaji alitaka kujua mvua iko mbali au karibu. Mkulima alitaka kujua siku ya kupanda. Hata Kiswahili chetu kimehifadhi elimu hiyo: kundi la nyota dogo tuliitalo kilimia limepata jina kwa kulima. Na palepale walipopimia majira, mara nyingi ndipo walipozika wafu wao na kufanya ibada zao.

3. MAWE YA TURKANA NA DIRA ILIYOPOTEA

Sasa tusikilize kisa cha jirani zetu wa Kenya, kwani ndani yake mna somo kubwa. Magharibi ya ziwa Turkana, mahali paitwapo Kalokol, pamesimama nguzo 19 za mawe ya volkano. Waturkana wanayaita mawe hayo Namoratunga, yaani watu wa mawe. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Lynch na Robbins, walitangaza kwamba nguzo zile zinaelekea nyota saba ambazo Waborana wa Ethiopia na Kenya wanazitumia katika kalenda yao. Kalenda hiyo ni ya mwezi na nyota, miezi 12, siku 354, kama mwaka wetu wa Hijria. Wakasema mahali pale palijengwa miaka 300 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Habari ikaenea dunia nzima.

Mwaka 1982 mtaalamu mwingine, Robert Soper, alitoa vipimo vipya, na vikatofautiana na vile vya kwanza. Sababu? Mawe yale yana sumaku. Dira iliyowekwa karibu nayo ilivutwa na jiwe lenyewe. Baadaye, uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba nguzo za ziwa Turkana ni za kale zaidi, kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita. Na kwa muda mrefu hivyo, mahali pa kuchomoza nyota nako huhama pole pole. Mwaka 2018 ikatangazwa pia habari ya Lothagam, kwenye ziwa hilo hilo: chini ya jukwaa la mawe wamezikwa watu wanaokadiriwa kuwa 580, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, bila dalili kwamba mmoja alikuwa mfalme na mwingine mtumwa.

Ndugu Muislamu, wale wa kwanza hawakuwa waongo. Walipima kwa nia njema, lakini dira yao ilivutwa na kitu kilichokuwa karibu nayo. Aliyekuja nyuma akapima upya, na elimu ikasogea mbele. Qur'an katika Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

4. ISHARA SI MOLA

Hatujui watu wa Kalokol waliamini nini, nasi hatuwahukumu. Qur'an inatufundisha kwamba hakuna umma uliopita ila alipita kwao mwonyaji (Fatir, 24). Lakini tunajua kwamba wengi waliotazama mbingu walikosea njia: waliona ishara, wakaifanya mola. Watu wa Ur na wa Harran, miji ya kale ya Iraki na Uturuki za leo, walimjengea hekalu mungu wa mwezi waliyemwita Sin. Katika watu wa namna hiyo Allah alimleta Nabii Ibrahim (A.S.). Suratul An'am, aya ya 75 mpaka 79, inatueleza jinsi alivyowaonyesha nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kikazama. Kinachozama hakiwezi kuwa Mola. Akauelekeza uso wake kwa Yule aliyeviumba vyote.

Katika zile nyota saba za Waborana, moja ni Shi'ra, nyota ing'aayo kuliko nyota zote za usiku. Waarabu wengine wa zama za ujinga waliiabudu. Suratun Najm, aya ya 49, ikaja kuwaambia kwamba Allah ndiye Mola wa hiyo Shi'ra. Nyota haikulaaniwa wala haikufichwa. Ilirudishwa mahali pake, kiumbe mbele ya Muumba.

Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.), na siku ile jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba. Mtume, naye na majonzi ya mzazi, hakuikubali heshima hiyo ya uongo. Alifundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa mtu yeyote, na akaamrisha watu waswali.

Basi tutenganishe mambo mawili. Kuhesabu mwezi, kujua kibla na majira, hiyo ni elimu, na Suratu Yunus, aya ya 5, inasema mwezi umewekewa vituo ili tujue hesabu ya miaka. Lakini yule anayekutoza franka zako akusomee nyota, akwambie nani kakuroga na mume gani utampata, huyo anakurudisha Harran. Mtume ametuonya kwamba anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza, swala zake za siku arobaini hazikubaliwi.

5. TUFANYE NINI?

Kwanza, tujifunze kutazama. Hapa Kalemie ziwa liko mashariki yetu. Mwezi mwandamo huonekana magharibi, jua likishazama, juu ya vilima na upande unakokwenda mto Lukuga. Anayesimama ufukweni akatazama maji usiku wa 29 anatazama upande usio. Ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji ndio wanaoutazama juu ya ziwa. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja, lakini jua linazama kwao na kwetu karibu pamoja.

Pili, tuhesabu Shaaban tangu siku yake ya kwanza, nyumba kwa nyumba, na watoto wetu wahesabu. Mawingu yakiziba, tukamilishe siku thelathini kama alivyoelekeza Mtume (S.A.W.).

Tatu, anayeuona mwezi aje kwa viongozi wetu aeleze alichokiona kwa macho yake, na anayesikia habari aulize imetoka kwa nani.

Nne, tuangalie dira zetu. Dira ya Kalokol ilivutwa na jiwe. Zetu huvutwa na nini? Na ukoo, na msikiti wa fulani, na kinyongo cha mwaka jana. Mtu haulizi tena kama mwezi umeonekana. Anauliza nani amesema, apate kupinga. Kabla hujabishana usiku ule, ondoa kwanza jiwe lililo karibu na moyo wako.

Watu wa kale walibeba mawe mazito ili wasipoteze hesabu ya siku. Sisi tumepewa Qur'an na Sunna, na tumepewa macho. Itakuwa aibu tukishindwa kuhesabu mpaka thelathini pamoja.

Ewe Allah, utuandamishie miezi yetu kwa amani na imani, na uziunganishe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Allah. Usiitupe chini, ukimaliza kusoma mpe mwenzio.)