SOMO: MIKONO NA BARIDI JUU YA MOTO



Mwezi wa 6 na mwezi wa 7 tunaona jambo moja kila asubuhi ku mulango wa shule. Motari anafika, mwanafunzi anashuka, na motari anaweka kwanza mikono chini ya makwapa mbele ya kupokea feza. Vidole vyake havitaki kuhesabu noti. Noti si kitu, inaweza kungoja. Lakini vidole hivyo njo vilikuwa vinashika freni kwa kilometa zote zile, na mwanafunzi alikuwa nyuma. Tena wenzetu wengine wanaendesha moto wao wenyewe wakati wa likizo kubwa ili wapate minerval. Kwa hiyo tumeona ni vizuri kujifunza jambo hili: ni fizika, ni biolojia, na ni maisha ya watu.

1. Baridi yetu inatoka wapi?

Watu wengine wanasema kwetu hakuna majira ya baridi. Waje Lubumbashi mwezi wa 6! Muji wetu uko karibu digri 11 na nusu kusini ya ekweta, tena uko juu ya bahari kwa meta zaidi ya 1200. Tarehe 21 mwezi wa 6 jua linakuwa juu ya Tropiki ya Kansa, kule kaskazini, mbali nasi. Kiangazi hakina mawingu, na mawingu ni sawa blanketi ya dunia. Usiku bila blanketi, udongo unapoteza joto lake, na temometa inashuka mara mingi chini ya digri 10. Muchana jua linapasha na watu wanavua makoti. Njo maana motari anayeondoka saa kumi na moja ya asubuhi na yule wa saa sita ya muchana wako kama katika inchi mbili tofauti.

Wenzetu wa milima ya Lubero, Kivu ya Kaskazini, wako karibu sana na ekweta. Baridi yao inatokana na urefu wa milima, si na majira.

2. Joto linatoka mukononi kwa njia gani?

Ya kwanza ni upepo. Ngozi inapasha hewa kidogo inayoigusa, na hewa hiyo inakaa sawa nguo nyembamba. Moto ikikimbia, upepo unavua nguo hiyo kila mara. Wataalamu wa Canada na Marekani walikubaliana mwaka 2001 juu ya kanuni ya kuhesabu jambo hili kwa ngozi ya uso isiyofunikwa. Kama temometa inaonyesha digri 8 na upepo ni kilometa 50 kwa saa, ngozi inasikia sawa digri 3. Muangalie vizuri: hewa yenyewe inabaki digri 8. Chuma cha moto hakiwezi kushuka chini ya hapo kwa sababu ya upepo. Ni mwili wenye joto unaopoteza mbio zaidi.

Ya pili ni kugusa. Chuma cha freni na cha ambreyaji kinavuta joto la vidole mbio kuliko mupira ao muti.

Ya tatu ni maji. Maji yanapitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Tena yakikauka yanabeba joto kwenda nalo. Glavu (wengi wetu tunasema ma-gants) iliyolowa umande inaweza kuwa mbaya kuliko kukosa glavu.

Ya ine ni umbo la kidole. Tufanye hesabu. Kwa silinda, ukigawanya eneo la kando kwa volume unapata 2/r. Kidole chenye r ya sentimeta 0,75 kinapata 2,67. Kiwiliwili chenye r ya sentimeta 15 kinapata 0,133. Basi, kwa kila sentimeta kibu, kidole kina ngozi ya kupoteza joto mara 20 kuliko kiwiliwili.

3. Mwili unachagua

Hapa njo kuna siri ya somo. Mwili unapashwa kulinda digri 37 kwa moyo, mapafu na ubongo. Baridi ikiingia kifuani, mwili unafunga mishipa midogo ya damu ya mikono na miguu, ili damu yenye joto ibaki ndani. Mikono inatolewa sadaka. Na kwa kuwa vidole havina musuli yao ya kuvikunja (musuli hiyo iko ku mukono kati ya kiwiko na kifundo, na ku kiganja), vyenyewe havitengenezi joto la kutosha. Vinangoja damu.

Ndiyo kusema: mutu mwenye kifua baridi hawezi kupata mikono ya joto, hata akivaa glavu ya bei kali. Motari anayenunua glavu na kuacha shingo wazi anafunga dirisha na kuacha mulango.

4. Hatari

Mishipa ya fahamu ikipoa, inapeleka habari polepole, na vidole vinakuwa vigumu. Mutu anaona mbuzi katika njia, anataka kufunga freni, lakini mukono unachelewa. Kwa mwendo wa kilometa 36 kwa saa, moto inapita meta 10 kila sekunde moja. Kuchelewa nusu sekunde ni meta 5. Meta 5 ni urefu wa darasa kipande, na mutoto anaweza kusimama pale.

5. Mambo ya kufanya

a) Kuanzia kifuani. Vaa nguo mbili ao tatu nyembamba, na koti lisilopitisha upepo juu. Kama hauna, weka magazeti chini ya koti: karatasi inazuia upepo na kushika hewa. Funga shingo, lakini ingiza ncha za shali ndani, zisishikwe na munyororo.

b) Glavu isibane. Glavu inayobana inafinya mishipa na kuzuia damu. Ya sufu ndani na ya ngozi ao plastiki juu ni vizuri. Mukono wa koti ufunike kifundo.

c) Funika chuma cha freni na cha ambreyaji kwa kipande cha mupira wa ndani wa gurudumu.

d) Kinga upepo mbele ya mikono. Bidon ya plastiki iliyokatwa inatosha. Mbele ya kuondoka, zungusha usukani kuume na kushoto, vuta freni na ambreyaji hadi mwisho. Kama kinga inagusa fasi yoyote, uikate tena.

e) Punguza mwendo, na usimame mara kwa mara. Zungusha mikono kwa nguvu sawa gurudumu: damu inasukumwa mpaka ku ncha za vidole.

6. Mambo ya kuepuka

Usipashe vidole vilivyokufa ganzi ku bomba la moshi. Havisikii, vitaungua mbele haujajua. Usinywe pombe ili “kupata joto”: pombe inafungua mishipa ya ngozi, mutu anasikia joto kumbe joto linatoka inje. Tumbako nayo inafunga mishipa ya vidole.

JARIBIO. Jaza chupa mbili zinazofanana maji ya moto ya kipimo kimoja. Funga moja kwa kitambaa kikavu, ingine kwa kitambaa kilicholowa. Ziweke fasi ya upepo dakika 20, kisha pima.

MAULIZO
1. Kule Ulaya moto zingine zina vishikio vinavyopashwa na umeme. Kama vinakula wati 30 kwa volti 12, ni ampeya ngapi? Sababu gani betri ya moto ndogo inaweza kuchoka?
2. Moto inakimbia kilometa 54 kwa saa. Inapita meta ngapi kwa sekunde?
3. Eleza kwa mutu asiyesoma: sababu gani kufunga kifua kunapasha mikono?

Tusome pia Matendo 28, fasi watu wa Malta walipowashia moto Paulo na wenzake kwa sababu ya mvua na baridi. Hawakuwajua, lakini waliwapokea. Motari anayetuleta ku shule tunamujua. Kama anafika na mikono imekufa, tumuachie dakika tano mbele hajarudi njiani, na yale tuliyosoma hapa tumuambie.