Negativu za baba

SWALI: Marehemu baba alituachia boksi la negativu, za rangi na za nyeusi na nyeupe. Nikishaziskani, nizitupe? Ninaishi Tanga.

JIBU: Usitupe hata moja. Negativu ya nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri hubeba picha kwa chembe za fedha, na ikitunzwa hudumu hata miaka 100. Ukiiinua dirishani unaiona, bila umeme wala programu. Anza kuskani za rangi, kwani hizo hufifia hata zikiwa gizani.

Kabla ya yote, nusa boksi. Likitoa harufu ya siki, plastiki ya filamu imeanza kuoza, na mvuke wake huharibu na zilizo jirani. Zitenge zinazonuka, uziskani mara moja. Joto na unyevu wa pwani huharakisha balaa hilo, tena huleta ukungu. Ziweke kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu, si juu ya kabati chini ya bati.

Faili za skani hifadhi kwa muundo wa TIFF, nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba. Flashi (najua wengi mnaipenda) si ghala: ikikaa miaka bila kuchomekwa, inaweza kupoteza kila kitu.