Hesabu ya Wali wa Mandari

Katika mandari ya watu wengi, kukadiria chakula kwa macho huleta upungufu au ziada. Mchele gramu 100 humtosha mtu mzima mmoja. Hivyo watu 200 huhitaji kilo 20. Kwa kuwa mchele hufyonza maji, kilo hizo hutoa wali wa kilo 50 hadi 60. Sufuria zilingane na wingi wa wali, si wa mchele.

Ziada nayo ina hatari. Spora za bakteria aina ya Bacillus cereus hustahimili mchemko. Wali ukikaa vuguvugu kwa muda mrefu, bakteria huzaliana na kutoa sumu ambayo kuupasha moto tena hakuiondoi.

Zoezi: Watu wazima ni 150, watoto 50 wanaokula nusu. Tafuta kilo za mchele. (Jibu: 17.5)