Mizani ya Umeme: Jinsi Waya Unavyopima Gunia

Mlowo, mji wa Wilaya ya Mbozi ulio kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, ni mahali pa biashara ya mahindi na kahawa. Mkulima auzaye gunia kwa kulikadiria kwa macho hupunjika kwa urahisi, hasa likiwa limejazwa lumbesa. Mizani ifuatayo yaweza kuundwa na wanafunzi wa sekondari.

Kiini chake ni streni geji, iliyobuniwa Marekani mwaka 1938 na Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja peke yake. Ni waya au utando mwembamba wa metali uliokunjwakunjwa na kugandishwa juu ya mhimili wa alumini. Mzigo ukiupinda mhimili, waya hurefuka na kuwa mwembamba zaidi, na ukinzani wake huongezeka. Ongezeko hilo ni dogo mno: waya wa omu 350 ukirefushwa kwa sehemu moja ya elfu, huongeza omu 0.7 tu. Joto la mchana laweza kuleta badiliko la namna hiyo bila mzigo wowote.

Kwa sababu hiyo hutumiwa geji nne zilizounganishwa kama daraja la Wheatstone. Mbili huvutwa na mbili hubanwa. Joto huzibadili zote kwa kiasi kimoja, hivyo daraja halipotezi usawa. Mzigo peke yake ndio huuvunja.

Ikichukuliwa kwamba daraja lapewa volti 5, mzigo wa kilo 100 hutoa milivolti 10 hivi. Mikrokontrola ya Arduino Uno husoma umeme kwa hatua 1,024, yaani karibu milivolti 4.9 kila hatua. Hatua moja ni sawa na kilo 49! Mizani ya namna hiyo haifai hata kwa kupimia mbuzi. Ndipo huhitajika kikuza umeme, kama saketi ya HX711, ambayo hukuza mara 128 na kugawa kipimo katika hatua zaidi ya milioni 16. Hata hivyo tarakimu za mwisho huchezacheza daima, wala zisiaminiwe.

Nyaya nne za daraja huunganishwa na HX711: kwa kawaida nyekundu na nyeusi hupeleka umeme, nyeupe na kijani hurudisha ishara. Nyaya mbili nyingine hupeleka namba kwenye mikrokontrola.

Namba hizo bado si kilo. Tuseme sahani tupu yaonyesha 84,000, na jiwe la kilo 20 laonyesha 924,000. Tofauti ni 840,000, basi kilo moja ni 42,000. Gunia likionyesha 3,318,000, hutolewa 84,000 kisha hugawanywa kwa 42,000: kilo 77. Kosa la jiwe huingia katika kila gunia litakalofuata. Kwa hiyo ndoo ya maji ya dukani isitumiwe badala ya jiwe lililohakikiwa. Mizani ya darasani isipelekwe sokoni, kwa kuwa mizani ya biashara sharti ihakikiwe na Wakala wa Vipimo.

Zoezi: Weka jiwe la kilo 10 katikati ya sahani, kisha kwenye kila pembe. Je, namba ni zile zile? Eleza sababu kwa kutumia kanuni ya momenti.