Kimadura na Kitelugu: neno moja halileti undugu

Tuandike kwanza majina ya lugha hizi mbili kama wenyewe wanavyoyataja: Bhâsa Madhurâ na Telugu bhāṣa. Neno lenye maana ya "lugha" ni lile lile. Nilipoanza kazi hii katika semina, jozi hiyo ndiyo iliyonipa moyo. Nikaongeza ghuru ya Kimadura na guruvu ya Kitelugu, yote mawili "mwalimu", nikadhani nimeshika uzi wa undugu. Uzi ulikatika upesi. Inafaa kuonyesha ulikatikia wapi, maana kosa hilo tunalisikia hata hapa kwetu kila mara mtu anaposema kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichochakaa, eti kwa kuwa tunasema kitabu, wakati na habari.

Kimadura ni lugha ya kisiwa cha Madura, kaskazini-mashariki mwa Java nchini Indonesia, na ya Wamadura wengi waliohamia Java Mashariki. Ni ya familia ya Kiaustronesia, pamoja na Kimalay, Kijava na Kimalagasi. Kitelugu ni lugha ya majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, kusini mwa India. Sensa ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 81 walioitaja kuwa lugha yao ya mama. Hiyo ni ya familia ya Kidravidia, pamoja na Kitamil, Kikannada na Kimalayalam. (Msomaji asichanganye Kimalayalam na Kimalay. Hapo pia sura ya jina inadanganya.)

Neno bhāṣā ni la Kisanskriti, na Kisanskriti hakimo katika familia yoyote kati ya hizo mbili. Ndugu zake ni Kiajemi, Kigiriki, Kilatini, na kwa mbali Kifaransa hiki tunachosomea. Kitelugu kililipokea kutoka kwa makuhani na wasomi. Kule Java na visiwa jirani lilivuka bahari pamoja na biashara, dini za Kihindu na Kibuddha, na mambo ya ikulu. Hata maandishi yalisafiri hivyo: hati ya Kitelugu, na hati ya carakan iliyotumika kwa Kimadura kabla ya herufi za Kilatini kutawala, zote mbili asili yake ni Brahmi ya India.

Sasa tulitamke neno lenyewe. Katika Kitelugu, bh ni sauti ghuna: nyuzi za koo zinatetemeka huku pumzi ikitoka. Inapatikana hasa katika maneno ya mkopo, na katika mazungumzo ya kawaida wengi huiacha pumzi wakasema b tu. Katika Kimadura, bh si ghuna hata kidogo. Ni karibu na p yenye mpumuo, ile ambayo Waswahili wa Mombasa huitumia kutofautisha paa mnyama na paa la nyumba. Kimadura kina safu tatu kamili: p, b, bh, t, d, dh, k, g, gh, na safu hizo ni za nyumbani. Ushahidi ni neno ghuru. Kisanskriti kilisema guru, bila mpumuo wowote kwenye g. Kimadura kimeutia chenyewe. Kwa hiyo herufi h iliyonifurahisha pande zote mbili ni alama ya mambo mawili tofauti.

Irabu ndipo penye utamu zaidi. Katika Kimadura, kimo cha irabu huamuliwa na konsonanti inayoitangulia. Baada ya konsonanti ghuna au yenye mpumuo, irabu hupanda. Baada ya isiyo ghuna wala mpumuo, au ya puani, hushuka. Jina la lugha lenyewe ni somo zima. Katika bhâsa, irabu ya kwanza imepandishwa na bh, ndiyo maana inaandikwa kwa kofia. Ya pili inafuata s, imebaki chini. Katika Madhurâ, m inafuatwa na a ya chini, dh inafuatwa na u ya juu, na r haina amri yake: inapitisha tu kimo kilichopo mpaka irabu ya mwisho, ikawa â. Mzawa hachagui kati ya a na â, konsonanti imeshamchagulia.

Kitelugu nacho kina irabu zinazofuatana, lakini mwendo ni mwingine. Puli ni "chui milia". Ukiongeza kiambishi tamati cha wingi -lu hupati pulilu, unapata pululu: irabu ya i imevutwa na irabu iliyo mbele yake, konsonanti haikuulizwa. Wingi wenyewe unatenganisha lugha hizi vilevile. Kimadura hakina kiambishi kama -lu; kinachukua silabi ya mwisho na kuirudia mwanzoni: oreng "mtu", reng-oreng "watu"; kana' "mtoto", na'-kana' "watoto". Sisi tuliozoea polepole na mbalimbali, ambapo neno zima linarudiwa, tunatakiwa kusikiliza mara mbili.

Kwenye kitenzi, msomaji wa lugha za Kibantu atajiona yuko nyumbani zaidi kwa Wadravidia. Kitelugu hupatanisha kitenzi na mtenda, ila hukipatanishia mwishoni: vaccānu "nilikuja", vaccāḍu "alikuja" kwa mwanamume, vaccindi kwa ng'ombe, kwa mvua, na pia kwa mwanamke. Katika wingi mpaka unahama: vaccāru kwa watu wote, wanawake wakiwemo, na vaccāyi kwa visivyo watu. Mwanamke mmoja yuko na vitu, wanawake wawili wako na watu! Ngeli zetu za m-/wa- hazina kigeugeu hicho. Kimadura hakipatanishi chochote. Kinachokishughulisha ni nani anayewekwa mbele: maca ikiwa msomaji ndiye kichwa cha sentensi, ebâca ikiwa ni kitabu. Mzizi ni bâca. Tazama jinsi m ilivyochukua nafasi ya b na papo hapo irabu ikashuka.

Kuna mfanano mwingine ambao hautokani na ukoo wala mkopo. Lugha zote mbili hupima heshima. Mtelugu humwambia rafiki nuvvu, mkubwa mīru. Humwita mtoto rā, mgeni raṇḍi. Mmadura hubadili msamiati wenyewe: "kula" ni ngakan kwa mwenzako, adha'ar kwa wa kuheshimiwa, na ngazi za usemi zinaitwa kwa maneno ya "hapana" na "ndiyo" ya kila ngazi, kama enja'-iya ya chini na engghi-bhunten ya juu. Jamii zenye ikulu na matabaka zinaweza kufika hapo kila moja kwa njia yake.

Undugu basi tuutafute wapi? Tuhesabu. Tatu, nne, saba, nane kwa Kimadura ni tello', empa', petto', ballu'. Kwa Kimalagasi, ng'ambo ya Mlango-bahari wa Msumbiji, ni telo, efatra, fito, valo. Kwa Kitelugu ni mūḍu, nālugu, ēḍu, enimidi. Kwa Kikannada mūru, nālku, ēḷu, eṇṭu. Kila lugha imemtambua ndugu yake, na p ya Kimadura inajibiwa na f ya Kimalagasi katika nne na saba pia, si mara moja kwa bahati. Ndivyo tatu na tano zetu zinavyojibiwa na misato na mitano za Lingala, isatu na itanu za Ciluba.

Hata namba hukopwa, lakini. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, na orodha iliyochaguliwa vibaya ingeweza kutuhamisha ukoo. Hapo ndipo inafaa kutazama lugha inalifanyia nini neno la mgeni. Kitelugu kimempa guru mkia, guruvu, wingi guruvulu. Kimadura kimempa mpumuo. Na katika kitāb ya Kiarabu, ki ni sehemu ya neno lenyewe, si kiambishi. Kiswahili kimeisikia kama ile ya kiti, kikasema vitabu.